Nimetengeneza kadi 40 za sherehe ya maharamia kwa mikono yangu, waliovaa ni sita. Kosa la kadi au la watu?

#1 Kamba_na_Nanga
Wakuu, salamu. Vumilieni urefu, bado nina machungu.

Nilikuwa natimiza miaka 30, nikasema safari hii sherehe iwe na mada, nikachagua maharamia. Nilijua kazi ni kuwafanya watu wavae, kwa hiyo nguvu zote nikazimalizia kwenye kadi za mwaliko. Nilichukua A4 za kawaida, nikazilowesha kwenye chai ya rangi iliyokolea, nikazianika, nikachoma kingo kwa mshumaa, nikachora ramani ya kisiwa yenye X nyekundu mahali pa ukumbi. Kisha nikazikunja kama gombo na kuzifunga kwa kamba ya katani. Usiku tatu sikulala vizuri, na vidole vilinuka moshi wiki nzima.

Kila aliyepokea alisifia. Wengine walizipiga picha wakaposti. Siku ilipofika, wakaja watu 34. Waliovaa kiharamia ni sita, nikiwemo mimi na mwanangu. Waliobaki ni jinzi na mashati ya kazini. Mmoja alikuja na suti na tai, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Jicho limekuwaje tena?"

Sasa mwezi ujao mdogo wangu anataka sherehe yake iwe ya mada ya upelelezi na kadi nimepewa mimi. Sitaki kurudia. Kosa lilikuwa wapi?

#2 Bin_Gundi
Wa suti muache, huyo ndiye haramia halisi wa siku hizi.

#3 Karani_Mstaafu
Hebu tuwekee maneno yaliyokuwa kwenye kadi. Maneno, siyo picha.

#4 Kamba_na_Nanga
Yalikuwa haya: "Ewe mtafuta hazina! Bahari inakuita. Fuata ramani hii hadi penye X, Jumamosi tarehe 14, saa moja jioni. Njoo na ujasiri wako."

Basi. Nafasi nyingine ilikuwa ya ramani, mawimbi na pweza.

#5 Karani_Mstaafu
Umeshajijibu mwenyewe. Hakuna mahali ulipowaambia wavae. Uliwaambia waje na ujasiri, wakaja nao, ujasiri wa kuingia kwenye sherehe ya maharamia na shati la kazini.

Mtu akipewa kadi nzuri anaona wewe ndiye umefanya sanaa. Haimjii kichwani kwamba na yeye ana kazi ya kufanya. Andika mstari mmoja mkavu, tena usio na mashairi: "Vaa kiharamia. Kitambaa kichwani na shati la mistari vinatosha." Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayomtoa mtu kwenye kiti, kwa sababu unamwonyesha mahali pepesi pa kuanzia.

#6 Zulia_Jekundu
Karani nakuheshimu ila hapo sikubali. Mimi niliandika, tena kwa herufi kubwa: BARAKOA NI LAZIMA. Ilikuwa sherehe ya vinyago. Nikasimama mlangoni kupokea watu. Unajua nilichoona? Mtu anafika, barakoa iko ndani ya mkoba, manyoya yanachungulia kwenye zipu. Ananyoosha shingo kuangalia ndani nani amevaa. Anaona wa kwanza hajavaa, anasukuma manyoya chini, anafunga zipu, anaingia. Zaidi ya nusu walifanya hivyo.

Kwa hiyo kadi waliielewa na barakoa walitafuta. Walichoogopa ni kuwa peke yao. Hilo hakuna karatasi duniani inayolitibu.

#7 Mama_Pacha
Ipo karatasi inayolitibu dada Zulia, ni ile inayokuja na vazi lenyewe. Sherehe ya wanangu ilikuwa ya maharamia pia. Kila kadi nilibandikia kiziba jicho cha manila nyeusi chenye lastiki. Kwenye matundu ya kupitishia lastiki nilibandika gundi ya karatasi pande zote mbili kwanza, bila hivyo manila inachanika mara ya kwanza tu mtoto akiivuta. Walikuja wote wamevaa, hadi baba mmoja mkali hivi, jicho moja tu linaonekana.

#8 Bin_Gundi
Wako walikuwa watoto, mama. Mtoto ukimpa kiziba jicho anakivaa mpaka shuleni.

#9 Mama_Pacha
Baba mkali alikuwa na miaka zaidi ya hamsini.

#10 Fundi_Chapa
Nimekaa na mashine za kuchapa miaka mingi, nami nina la kwangu. Tatizo naliona kwenye lile gombo.

Karatasi iliyokunjwa duara siku tatu haikai wazi. Msomaji anaishika kwa mikono miwili, juu na chini, kwa hiyo hana mkono wa simu wala kalamu ya kuandika tarehe. Anasoma mstari wa kwanza, anaona ramani, anasema "lo!", anaiachia, inajikunja, inapanda juu ya kabati. Hata kama mstari wa mavazi ungekuwepo chini ya pweza, nani angeufikia? Ukitaka gombo, yote ya maana yawe kwenye theluthi ya juu.

Halafu, kukunja kuna upande. Nyuzi za karatasi hulala zaidi upande mmoja. Shika karatasi uipinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Inakolegea ndiko mkunjo unakokwenda sambamba na nyuzi. Ukikunja kwa kuzikata, karatasi nyembamba inakaidi na kadi nzito ya gramu 250 kwa mita ya mraba inapasuka rangi kwenye mkunjo, unaona mstari mweupe. Pitisha kwanza rula na kalamu iliyokwisha wino kutengeneza mfereji, ndipo ukunje.

Swali la pembeni: ulichapa kwa printa gani kabla ya kulowesha chai?

#11 Kamba_na_Nanga
Maandishi nilichapa kwa printa ya nyumbani, ya wino wa maji. Kadi kama kumi zilichuruzika, herufi zikawa na ndevu za buluu. Nikajiambia meli imepita kwenye mvua, nikazituma hivyo hivyo.

#12 Tulizo
"Herufi zina ndevu" 😂😂 Hizo ndizo zilizovaa kiharamia kuliko wageni.

#13 Fundi_Chapa
Ndiyo nilichohofia. Wino wa printa nyingi za nyumbani ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Ukiulowesha unarudi kuwa maji. Lowesha chai kwanza, kausha, ndipo uchape.

#14 Sindano2
Fundi, nikuongezee hapo. Nilifuata ushauri huo huo nikaweka karatasi kwenye printa ya leza ikiwa na unyevu kidogo, ilionekana kavu kwa macho. Ilinasa ndani, ikatoka imekunjamana kama feni. Ndani ya leza kuna rola la moto sana, unyevu unageuka mvuke hapo hapo. Kwa leza ni bora kinyume: chapa kwanza kwenye karatasi safi, tona, yaani unga wa wino wake, haiyeyuki kwa maji, kisha ipake chai kwa sponji. Iweke chini ya vitabu vizito usiku mmoja, asubuhi imenyooka.

Na tafadhali acheni kuchoma kingo. Nilifanya hivyo mara moja, pazia lilishika. Chana ukingo taratibu kwa kubana na rula, kisha pitisha brashi yenye kahawa nzito pembeni tu. Ukiwa mbali hutofautishi.

#15 Fundi_Chapa
Sawa, kwa leza uko sahihi. Mimi niliwaza ya wino.

#16 Mzee_wa_Tarehe
Samahani natoka nje kidogo. Maharamia hawakuwa wakizika hazina wala kuchora ramani zenye X. Hiyo picha imetokana na riwaya moja ya mwaka 1883. Kwa hiyo mleta uzi kadi yako ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, na wageni walihisi.

#17 Nusu_Kaputula
Mzee, "hawakuwa wakizika" umezidisha. Kapteni William Kidd alizika mali kwenye kisiwa cha Gardiners, Marekani, mwaka 1699, na ilifukuliwa kutumika kama ushahidi dhidi yake. Ungesema haikuwa desturi yao, tungekubaliana.

#18 Mzee_wa_Tarehe
Haya, haikuwa desturi. Kidd peke yake asituharibie kanuni.

#19 Karani_Mstaafu
Na huyo wa suti alihisi karne ipi? Turudini kwenye kadi.

#20 Dakika_Tisini
Mleta uzi, ulizituma lini? Kila mtu anaongelea karatasi na wino, mimi nadhani ni muda.

#21 Kamba_na_Nanga
Wiki sita kabla. Nilitaka wapate nafasi ya kutafuta nguo.

#22 Dakika_Tisini
Hapo hapo! Wiki sita mtu anasema "bado sana". Akija kukumbuka ni Jumamosi saa kumi na moja jioni, anakumbuka sherehe, mada imeshafutika. Kadi nzuri hukaa kichwani kama picha, siyo kama agizo. Ulipaswa kutuma ukumbusho siku kumi kabla, wenye neno moja tu: nguo.

#23 Sindano2
Mimi nilituma siku nne kabla. Wakaniambia hawakupata muda wa kutafuta nguo. Sasa utanambia nini?

#24 Dakika_Tisini
Siku nne ni kuitwa msibani, siyo sherehe.

#25 Jicho_la_Tai
Naomba kuuliza kitu ambacho hakijaulizwa. Kadi 40 zote zilifika mkononi?

#26 Kamba_na_Nanga
Hapana. 25 zilikwenda mkononi. 15 nilipiga picha nikatuma kwa simu maana watu wako mbali.

#27 Jicho_la_Tai
Haya, mwizi tumemkamata. Ramani ya kahawia, herufi za kahawia, chumba chenye taa ya njano, kisha programu ya ujumbe inaibana picha. Na kabla mtu hajaifungua anaona kipande cha katikati tu, yaani pweza. Watu 15 walialikwa na pweza.

Ya simu itengenezwe kama ya simu, isiwe picha ya karatasi. Iwe ya wima, herufi nene, maneno machache, na itumwe kama faili la PDF ili isibanwe. Na yale ya muhimu yaandikwe tena kama ujumbe wa kawaida chini yake, mtu aweze kuyanakili. Ukitaka hiyo hiyo ije kuchapwa kwa A6 bila ukungu, anza na pikseli 1240 kwa 1748, ndiyo nukta 300 kwa inchi.

Tufanye hesabu: katika wale waliovaa, wangapi walipata karatasi na wangapi picha?

#28 Kamba_na_Nanga
Ukitoa mimi na mwanangu wanabaki wanne. Mmoja alipata karatasi. Wawili walipata picha. Wa nne hakupata kadi kabisa, aliletwa na rafiki yake aliyemwambia tu "ni ya maharamia". Ndiye aliyevaa kuliko wote, hadi kasuku begani.

#29 Bin_Gundi
Hesabu imekufa hapo hapo 😂 Asiyepata kadi ndiye aliyeielewa.

#30 Jicho_la_Tai
Naondoa kauli kuhusu mwizi. Namwachia dhamana.

#31 Zulia_Jekundu
Mnaona sasa? Aliambiwa na mtu, kwa mdomo, kwa maneno matatu. Na alijua kuna angalau mmoja atakayeongozana naye. Narudia: ni upweke.

#32 Karani_Mstaafu
Au mnaona sasa kwamba aliambiwa waziwazi, kwa maneno matatu, yasiyo na bahari wala ujasiri? Wote tunasoma ushahidi mmoja, dada.

Na huyo rafiki aliyemleta, yeye alivaa?

#33 Kamba_na_Nanga
Hakuvaa.

#34 Tulizo
😂😂😂 Funga uzi.

#35 Kamba_na_Nanga
Usifungwe bado, nisaidieni ya upelelezi. Wazo langu: kadi inaonekana tupu, imeandikwa kwa juisi ya limau, mtu anaipitishia joto maandishi yanatokea. Mnaonaje?

#36 Nusu_Kaputula
Wazo lina ukoo mkubwa. Padri John Gerard alifungwa Mnara wa London, akawa anawaandikia wenzake kwa juisi ya machungwa katikati ya barua za kawaida, na kwa njia hiyo walipanga hadi akatoroka mwaka 1597. Inavyofanya kazi ni kwamba mahali penye juisi huungua haraka kuliko karatasi iliyobaki, panageuka kahawia kwanza.

Ila angalia alichofanya: juu kulikuwa na barua inayosomeka. Karatasi tupu haikaguliwi wala haipashwi moto, inatupwa.

#37 Mama_Pacha
Hilo la kutupwa ni kweli tupu. Na usiwaambie watu watumie mshumaa, waambie pasi isiyo na mvuke.

#38 Fundi_Chapa
Pasi na kadi iliyochapwa kwa leza? Tona inalainika kwa joto, itahamia kwenye pasi, na shati jeupe la kesho litabeba jina la mdogo wako. Waambie waweke karatasi tupu katikati, au ile sehemu ya wazi iandikwe kwa kalamu ya risasi.

#39 Sindano2
Kwenye limau iwe ziada tu, kama neno la siri la mlangoni. Siku, saa, mahali na mavazi viwe kwa wino wa mchana. Niliwahi kupewa kadi ya fumbo, herufi zote zimesogezwa tatu mbele. Nilidhani printa yao imeharibika, nikawapa pole.

#40 Karani_Mstaafu
Saa iandikwe kwa maneno, "saa mbili usiku". Ukiandika 2:00 kuna atakayesoma kwa Kiswahili na kuna atakayesoma kama simu yake inavyosoma, tofauti ni saa sita. Na tarehe iandike mwezi kwa jina. 03/04 kwa mwingine ni mwezi wa tatu.

#41 Mzee_wa_Tarehe
Na ile RSVP ya Kilatini iacheni.

#42 Nusu_Kaputula
Ni Kifaransa, mzee. "Répondez s'il vous plaît", tafadhali jibu.

#43 Mzee_wa_Tarehe
Kilatini, Kifaransa, mimi nilichosema ni iacheni. Andikeni "Jibu kabla ya tarehe fulani kwa namba hii". Wengine wanadhani RSVP ni daraja la kiti.

#44 Tulizo
Kwa upelelezi karatasi nyeusi na herufi nyeupe itapendeza sana.

#45 Fundi_Chapa
Printa za kawaida hazina wino mweupe, zinaacha tu karatasi ilivyo. Ukiweka karatasi nyeusi, unatoa karatasi nyeusi. Ukitaka muonekano huo, andika kwa mkono kwa kalamu ya jeli nyeupe, au tumia bahasha nyeusi na kadi ya rangi ya maziwa ndani. Usijaribu kujaza A4 nzima kwa wino mweusi nyumbani, karatasi itajipinda kama mashua na katriji itakuaga.

#46 Tulizo
Nimeelewa, asante fundi. Na bahasha ya A5 ni C6 sivyo?

#47 Fundi_Chapa
Siyo. C6 ni milimita 114 kwa 162, inapokea A6, au A5 ukishaikunja mara moja katikati. A5 bila kukunja inataka C5. Nunua bahasha kwanza ndipo ukate kadi. Wengi wanafanya kinyume, mwisho wanapunguza kadi kwa mkasi, na mkasi haujawahi kwenda sawa.

#48 Kamba_na_Nanga
Nimeandika rasimu, nikosoeni:

"FAILI LA SIRI. Umeteuliwa. Jumamosi, saa mbili usiku. Vaa kama mpelelezi: koti refu, kofia au miwani ya giza, kimoja kinatosha. Jibu kabla ya Jumatatu. Sehemu iliyobaki ya ukurasa huu siyo tupu."

Ramani na tarehe vitakaa nyuma. Kwenye bahasha nitaweka miwani ya manila, kama ya Mama_Pacha.

#49 Karani_Mstaafu
Tarehe iende mbele, pamoja na siku. Mengine sina neno.

#50 Dakika_Tisini
Na ukumbusho siku kumi kabla.

#51 Zulia_Jekundu
Na wapigie simu watu watano wakuhakikishie wanavaa, uwaweke mlangoni. Kadi fanya utakavyo.

#52 Kamba_na_Nanga
Kadi ya kwanza nimeimaliza jana usiku, nikampa mdogo wangu bila kumwambia kitu. Ameigeuza huku na huku, akaivaa ile miwani, akaniuliza, "Hapa chini mbona umeacha nafasi kubwa hivi?"

#53 Bin_Gundi
😂😂 Mpe pasi.

Zulia, nimekuwa nikijiuliza tangu juzi. Wale wenye barakoa kwenye mikoba, walizitoa mwishoni?

#54 Zulia_Jekundu
Wakati wa picha. Wote, kwa sekunde moja. Ukiangalia albamu utadhani ilikuwa sherehe ya vinyago kweli.